Njia ya Taarifa kutoka Mlimani: Mitandao ya Kuunganisha Vifaa vya Uangalizi na Mfano wa Volkano za Virunga

Kifaa cha uangalizi kinachosimikwa mahali pa mbali, kiwe kipimatetemeko kwenye mbavu za volkano, kipimamvua katikati ya nyika au kipimo cha kina cha maji mtoni, hakijamaliza kazi yake kinapopima. Kazi hukamilika pale kilichopimwa kinapomfikia mtu mwenye uwezo wa kukisoma na wajibu wa kuchukua hatua. Njia inayounganisha kifaa na mtu huyo ndiyo inayoitwa hapa mtandao wa uangalizi, na ndani yake mna vitu vingi ambavyo mara nyingi hutazamwa kimoja kimoja: redio, laini ya simu, setilaiti, betri, kompyuta ya mjini, na hata ankara ya intaneti inayolipwa kila mwezi. Mhadhara huu unashikilia kwamba vitu hivyo havina budi kutazamwa kama mnyororo mmoja, na kwamba pingili inayokatika inaweza isiwe ile iliyo juu ya mlima, ambako wahandisi huelekeza fikra na fedha zao nyingi, bali ile iliyo mjini, ambayo kila mtu hudhani ipo salama.

Mfano utakaotumiwa zaidi ni wa volkano za Virunga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sababu ni sehemu chache duniani ambako swali la njia ya taarifa linagusa maisha ya watu wengi kwa ukaribu namna ile. Nyiragongo, mlima wenye kimo cha mita 3,470, uko chini ya kilomita 20 kaskazini mwa Goma, mji wa mamia ya maelfu ya watu ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mtaani, na jirani yake Nyamulagira ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi barani Afrika. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, hivyo ni nyepesi na hutiririka kwa kasi isiyo ya kawaida. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilitoboka kupitia nyufa za ubavuni na kumwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu, na tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena jioni na kusimama kwenye kingo za mji. Mahali penye historia kama hiyo, tofauti kati ya taarifa inayofika kwa dakika na ile inayofika kesho yake asubuhi haiwezi kuitwa suala la ufundi peke yake.

Kabla ya kulinganisha njia zenyewe inafaa kujua ukubwa wa mzigo unaosafirishwa, kwani makosa mengi ya uchaguzi huanzia hapo. Kipimatetemeko cha kisasa hupima mtikisiko wa ardhi katika pande tatu, yaani juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, na kwa kawaida hufanya hivyo mara 100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 24, biti ikiwa ni tarakimu moja ya sifuri au moja katika lugha ya kompyuta. Hesabu yake ni biti 7,200 kwa sekunde, na kwa siku nzima ni karibu megabaiti 78 kabla ya data kubanwa ili ichukue nafasi ndogo. Kipimamvua kinachotuma ujumbe wa baiti 50 kila baada ya dakika 15 hutuma mara 96 kwa siku, yaani baiti 4,800 tu, mzigo mdogo kuliko ule wa kwanza kwa zaidi ya mara 16,000. Vifaa viwili hivyo vinaweza kusimama kwenye mlingoti mmoja, vikalindwa na uzio mmoja, na bado njia iliyo bora kwa kimoja ikawa upotevu wa fedha au kizuizi kwa kingine.

Njia kongwe, na ambayo kwa milima inayotazama mji bado ndiyo yenye heshima, ni redio ya nukta kwa nukta, ambapo antena moja mlimani huelekezwa kwenye antena nyingine mjini bila kupitia kampuni yoyote. Masafa ya wimbi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, hupimwa kwa hezi, na redio za kazi hii hutumia ama masafa ya chini kiasi, kama megahezi 400, ama ya juu, kama gigahezi 5.8, ambayo ni masafa yaleyale wanayotumia watoa huduma wa intaneti kurusha mtandao kutoka mnara hadi paa la nyumba. Ya juu hubeba data nyingi kwa wakati mmoja lakini hayasamehe kizuizi, na ya chini hubeba kidogo lakini huvumilia majani na miinuko midogo. Sharti la msingi kwa yote ni antena kuonana, na hapa pana jambo ambalo hupuuzwa hata na mafundi wenye uzoefu: kuonana kwa macho hakutoshi, kwa sababu wimbi la redio halisafiri kama uzi bali hutanuka katikati ya safari mithili ya mwili wa samaki, katika nafasi inayoitwa eneo la Fresnel kwa jina la mwanafizikia wa Ufaransa Augustin Fresnel. Kwa umbali wa kilomita 20, nusu ya upana wa nafasi hiyo pale katikati ni mita 16 hivi kwa gigahezi 5.8, na ni zaidi ya mita 60 kwa megahezi 400. Kilima au msitu unaoingia ndani yake hudhoofisha mawimbi hata kama anayetazama kwa darubini kutoka upande mmoja anaiona antena ya upande wa pili bila shida. Mti uliokuwa mche siku ya kusimika mlingoti unaweza kuwa ndiyo sababu ya mtandao kufa miaka minane baadaye, hasa majani yake yanapolowa.

Pale ambapo mlima mwingine unaziba, hutumika kituo cha kurudisha mawimbi, yaani redio inayopokea kutoka upande mmoja na kurusha upande mwingine, na vituo hivyo ndivyo vinavyohitaji kufikiriwa kwa makini kuliko vyote. Ili wanasayansi wajue tetemeko limetokea wapi na kwa kina gani, sharti mawimbi yake yapokewe na vituo visivyopungua vitatu au vinne vyenye saa zinazolingana, saa ambazo siku hizi hurekebishwa kwa mawimbi ya setilaiti za GPS. Vituo vinne vinapopitisha data yao yote kwenye redio moja ya kurudisha, redio hiyo ikizimika havipungui vituo bali unapotea uwezo wenyewe wa kujua mahali pa tetemeko, na ramani iliyoonekana na nukta nne huwa haina hata moja. Mchoro wa mtandao, kwa hiyo, ni sehemu ya sayansi yenyewe, na haufai kuachiwa mtu wa antena peke yake.

Mazingira ya Kivu, eneo zilipo volkano hizo, yanaongeza ugumu wake. Radi ni nyingi kuliko karibu kila mahali duniani. Uchambuzi wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, ikitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Mlingoti wa chuma juu ya kilele huialika radi, na juu ya mwamba wa lava, ambao haupitishi umeme vizuri, waya wa kuingiza umeme ardhini haupati ardhi ya kuupokea, hivyo fundi hulazimika kutandaza nyaya ndefu badala ya kupigilia fimbo moja. Moshi wa Nyiragongo hubeba gesi ya salfa na gesi za asidi zinazochanganyika na mvua, kisha mvua hiyo hula viungio vya nyaya na fremu za paneli za sola kwa kasi ambayo mwongozo wa mtengenezaji haukuikadiria. Hali ya usalama nayo, ambayo kwa miongo kadhaa imefanya njia nyingi za Virunga zisipitike bila walinzi, ina maana kwamba kifaa kinachohitaji fundi kila mwezi ni kifaa kitakachokuwa kimekufa kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mtandao wa simu za mkononi ndio unaowavuta wengi, na kwa haki, kwa kuwa minara tayari ipo, inalindwa na wenyewe, na modemu ya laini ya simu hutumia umeme kidogo. Mipaka yake haina budi kujulikana. Katika teknolojia ya kizazi cha pili, ambayo bado ndiyo inayofika vijijini zaidi, mnara wa kawaida hauwezi kuhudumia simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35 hata kama mawimbi yanafika, kwa sababu mfumo huo umepangiwa muda maalumu wa mawimbi kwenda na kurudi na haukubali kuchelewa zaidi ya hapo. Jambo la pili ni anwani. Laini za simu kwa kawaida hazipewi anwani yake kila moja kwenye intaneti, bali maelfu ya wateja hutoka nje kupitia anwani chache za kampuni, mfano wa kijiji kizima kinachotumia sanduku la posta la shule: barua za kutoka huondoka bila tatizo, ila mgeni anayetaka kumwandikia mtu mmoja moja kwa moja hana pa kuelekeza. Mhandisi aliye mjini hawezi basi kukipigia kifaa. Ni lazima kifaa chenyewe kianze mazungumzo na kuyaweka wazi, mara nyingi kwa kutumia handaki la siri, yaani muunganisho uliofungwa kwa ufunguo wa kidijitali ambamo data na maagizo hupita bila wengine kuyasoma. Njia hii ina faida ambayo haisemwi vya kutosha, kwamba kifaa kisichopigika kutoka nje huwa vigumu zaidi kuvamiwa, na upo ushahidi wa kutosha duniani wa vifaa vilivyowekwa wazi kwenye intaneti kwa nywila ya kiwandani na kuishia mikononi mwa wahalifu.

Udhaifu mkubwa wa simu, hata hivyo, hujitokeza siku ileile ambayo taarifa inahitajika mno. Ardhi inapotikisika kila mwenye simu hupiga, mnara hulemewa, na kifaa cha uangalizi hupanga foleni pamoja na wote bila kipaumbele, isipokuwa pale ambapo makubaliano maalumu yamefanywa na kampuni kabla. Kuna pia suala la umri: kituo cha uangalizi hujengwa kikiwa na matumaini ya kuishi miaka 15 au 20, lakini vizazi vya simu huzimwa kwa uamuzi wa biashara, kama kampuni ya AT&T ya Marekani ilivyozima kizazi cha pili mwanzoni mwa mwaka 2017 na kuviacha bubu vifaa ambavyo havikuwa vimebadilishwa modemu. Afrika Mashariki na Kati haijafika huko kwa upana, ila anayenunua modemu leo na kuipandisha mlimani hana budi kujiuliza swali hilo.

Mahali ambapo hakuna mnara wala mji unaoonekana, hubaki mbingu. Setilaiti za obiti tuli ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta na huzunguka sambamba na dunia, hivyo huonekana kama zimesimama, na nchi za ikweta zina bahati ya kuziona karibu na utosi, ambapo ukuta wa bonde au msitu hauzizibi kwa urahisi kama ulivyo kwa mtu wa Ulaya anayelazimika kuelekeza dishi chini karibu na upeo. Bahati hiyo ina gharama zake. Dishi linalotazama juu hukusanya maji, majivu na majani. Mvua kubwa hufyonza mawimbi ya masafa ya juu yanayotumiwa na madishi madogo. Na karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua linapopita nyuma ya setilaiti, kelele yake ya redio huyafunika mawasiliano kwa dakika chache kila siku kwa siku kadhaa. Mwezi Machi ndipo masika yanapoanza katika sehemu kubwa ya ukanda huu, na mpangaji mwenye busara hatapanga jaribio muhimu la mtandao wa dishi katika majuma hayo.

Gharama nzito zaidi ni umeme. Kwa mfano, seti ya dishi inayotumia wati 40 mchana na usiku hula wati-saa 960 kwa siku, ilhali betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu kama inatakiwa idumu, hutoa wati-saa 600 tu, yaani haimalizi siku moja bila jua. Kipimatetemeko na redio yake vikitumia wati 2 kwa pamoja hula wati-saa 48, na betri ileile huvipeleka zaidi ya siku 12. Kwenye mlima unaofunikwa na ukungu kwa wiki nzima tofauti hiyo inaamua kila kitu, na kila betri ya ziada ni mzigo wa kilo 30 hivi kwenye mgongo wa mbeba mizigo. Setilaiti mpya za obiti ya chini zinazotoa intaneti ya kasi zimepunguza ucheleweshaji na bei, ila vipokezi vyake vya kawaida navyo hutumia makumi ya wati, na ruhusa ya kuvitumia hutegemea sheria ya kila nchi, jambo ambalo katika eneo lenye mipaka mitatu ndani ya safari ya siku moja si dogo.

Zipo pia setilaiti za ujumbe mfupi, ambazo hazibebi mkondo wa data bali barua fupifupi. Mfumo wa Iridium, wenye setilaiti 66 zinazozunguka kilomita 780 hivi juu ya dunia, hupokea kutoka kwa modemu yake ndogo ujumbe wa hadi baiti 340 mahali popote duniani. Ndio unaotumiwa na maboya ya kugundua tsunami, ambayo yaliwekwa katika Bahari ya Hindi baada ya msiba wa tsunami wa tarehe 26 Desemba 2004. Mfumo wa Argos, ulioanza mwaka 1978, ndio uliochukuliwa na kituo cha hali ya hewa kilichowekwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts juu ya barafu ya kaskazini ya Kilimanjaro mwaka 2000, na uchaguzi huo ulifaa kwa sababu anayechunguza kuyeyuka kwa barafu hahitaji jibu ndani ya dakika. Setilaiti za Argos za wakati huo zilipita juu ya ncha za dunia katika kila mzunguko, kwa hiyo mtu wa ikweta aliziona mara chache kuliko mtu wa Aktiki, na kwa volkano ya Nyiragongo pengo la saa kadhaa kati ya pito moja na jingine lingekuwa refu kupita kiasi. Kwa vipimo vidogo vilivyotawanyika, kama joto la chemchemi au kiwango cha gesi ya kaboni dioksidi katika mabonde ambayo wakazi wa Goma huyaita mazuku, redio za LoRa, zinazotuma baiti chache kwa umeme mdogo mno hadi kilomita kadhaa, zinatosha kabisa, mradi zisilazimishwe kubeba mitetemo.

Katika miaka ya 2010 Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kinachojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa OVG, kwa kushirikiana na taasisi za Ubelgiji na Luxembourg, kilijenga mtandao wa vipimatetemeko uitwao KivuSNet ambao data yake ilifika mjini papo hapo, na hayo yalikuwa mafanikio makubwa kwa eneo ambalo mwaka 2002 lilikuwa likitegemea mashine chache mno. Kisha ufadhili mkubwa wa nje ulimalizika mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko wa Mei 2021 kituo kilikosa muunganisho wa intaneti. Hapa ndipo hoja ya mhadhara huu inapopata uzito wake: katika mtandao ambao tatizo lake lililotazamiwa lilikuwa radi, asidi na bunduki, kilichokatika ni huduma ya kawaida inayolipiwa kila mwezi, ya aina inayopatikana katika kila duka la intaneti la mji huo. Ukweli unadai kuongezwa kwamba utafiti uliochapishwa baadaye ulionyesha mlipuko wa mwaka 2021 haukutanguliwa na dalili ndefu, kwani ishara za wazi zilianza muda usiofika saa moja kabla ya lava kutoka, na kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba intaneti peke yake ingeuokoa mji. Hata hivyo, saa moja isiyokamilika ni muda ambao hutumika vema tu pale ambapo mkondo wa data haujawahi kukatika na mtu aliyezoea sura yake ya kila siku yuko zamu.

Kutokana na hayo, mtandao wa uangalizi unaostahili jina lake hutengewa njia mbili ambazo haziuawi na sababu moja. Redio na simu ni jozi nzuri ikiwa tu redio haiishii kwenye mnara uleule wa simu. Redio na ujumbe mfupi wa setilaiti ni jozi bora zaidi, ambapo redio hubeba mkondo mzima na setilaiti, redio ikinyamaza, hutuma muhtasari kama idadi ya matetemeko ya saa iliyopita na nguvu ya mtikisiko wa jumla. Kifaa chenyewe sharti kiwe na kumbukumbu ya ndani inayoweza kuhifadhi miezi kadhaa, na itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya mashine, ziwe za kudai jibu la kupokelewa ili pengo lijazwe njia ikirudi. Sharti pia kitume salamu ya uhai kila baada ya muda mfupi pamoja na volti ya betri, kwa kuwa ukimya wa volkano iliyotulia na ukimya wa modemu iliyokufa hufanana kwenye skrini ya anayetazama.

Na bajeti iandikwe kwa miaka yote ya maisha ya mtandao, ikianza na ankara ya intaneti na mshahara wa fundi wa mahali hapo, ndipo zifuate bei za antena. Mtandao wa vipokezi vya GPS uliowekwa kuanzia mwaka 2016 kuzunguka Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, unaopima kuvimba na kunywea kwa mlima huo, ulijengwa kwa ushirikiano wa wageni na Chuo Kikuu cha Ardhi cha Dar es Salaam, na thamani ya ushirikiano wa aina hiyo ni kwamba anayejua nywila, ramani na tabia ya kila redio anaishi katika nchi yenyewe, hahitaji viza wala tiketi ya ndege ili kubadilisha kidhibiti cha chaji.

Bado kuna kipande cha njia kinachobaki baada ya data kufika kwenye skrini. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 wakazi wengi wa Goma walianza kubeba magodoro na watoto kuelekea mpaka wa Rwanda na barabara ya Sake kwa sababu waliona wekundu angani, na siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, mamlaka zilipoamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe kwa hofu ya magma iliyokuwa ikisogea chini ya ardhi hadi chini ya ziwa, mamia ya maelfu ya watu waliondoka ndani ya saa chache. Amri hiyo ilitokana na vipimo vya mitetemo na vya setilaiti vilivyokuwa vimefika, vikasomwa na kufasiriwa, kisha ikapita redioni na kwenye simu ikiwa imepata uzito wa taasisi. Mhandisi anayechora mtandao wa mlima wowote ule ana wajibu wa kuchora na kipande hicho, akitaja kwa cheo ni nani anayepigiwa saa nane za usiku, kwa njia gani kama minara imelemewa, na ni kituo kipi cha redio kitakachokuwa na jenereta yenye mafuta ya kumtangazia anayelala katika mitaa ya Goma kama Majengo au Virunga, kwa lugha yake, kwamba anyanyuke.